Mama Mukwe Anakuja, Jambon Iko Motoni

Saa nane ya usiku nilisikia mulio, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena, na miye nikamushika Caleb kabla sijafungua macho, maana hapa Bunia mutu akisikia kelele usiku anashika mutoto kwanza, kuuliza ni baadaye. Kumbe ni nguruwe ya Papa Médard, muchinjaji wa nyuma ya nyumba yetu, na miye mwenyewe niliagiza muguu wake wa nyuma. Hiyo ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Siku mbili muguu ulilala katika beseni ya munyu, chini ya kitanda changu, kwa kuogopa paka wa jirani. Jumapili nilipotoka misa nikauchemsha, nikaubeba mpaka kona ya Lumumba, kwa Mama Félicité muuza kahawa, kwa sababu yeye ana sufuria kubwa kuliko zote za avenue yetu. Pale kuna benchi, na kwenye benchi kuna wanaume watatu, na sijawahi kufika nikakosa mumoja wao. Sébastien tunamwita Diesel, anaendesha lori ya Komanda siku lori inapokubali. Fulgence ni Préfet, alifundisha zamani trimestre moja, na mpaka leo hajaacha kufundisha. Honoré ni Docta, kwa sababu anachanja kuku.

— Mama Caleb, nani amekufa? Diesel akauliza alipoona ule muguu kichwani.

— Hakuna aliyekufa. Mama mukwe anafika leo jioni kutoka Mahagi.

— Ni mamoja, akasema, akarudi kwenye kikombe chake.

Nikawaeleza yote kwa pumzi moja, ndivyo ninavyosema nikiogopa: kwamba Léon, bwana yangu, yuko Mongbwalu kwenye dhahabu, kwamba mama yake, Mama Priscille, hajaniona hata siku moja, na miye namujua kwa picha moja ya zamani ambayo uso wake uko kivulini, kwamba kuna mutu alimupelekea maneno, eti bibi ya Léon ni mutu wa masomo tu, hajui chungu, mutoto anamulisha chai, na mama akatuma ujumbe: nakuja kutazama mujukuu wangu, nikikuta hali haiko sawa, narudi naye Mahagi. Kwamba Léon akanipigia, akasema usiogope, mama anapenda sana nguruwe, mufanyie ile jambon ya sukari, muguu wa nguruwe wa kuoka, ile ulisema mulijifunza kwa masista. Na kweli tulijifunza.

— Basi unajua, akasema Préfet.

— Tuliandika, Papa Fulgence. Mwaka wa tano. Sista aliandika ubaoni, siye tukaandika katika kayé, interro nikapata tisa juu ya kumi. Jambon yenyewe hatukuiona.

— Kayé inasema nini?

— Inasema four ya kuokea, degrés mia moja makumi nane, saa moja na nusu.

— Four iko wapi?

Wote watatu wakatazama barabara, kama vile four itapita kwa pikipiki.

Mama Félicité hakungoja. Akamwaga muchanga ndani ya sufuria yake juu ya makala, akapanga mawe matatu, akaweka karai juu ya mawe, muguu ndani ya karai, akafunika, akapakia makala ya moto juu ya kifuniko.

— Four njo hii, akasema. Mikate yangu inaivaga humu tangu huyo Léon hajajua kutembea.

Ikabaki utamu. Nilikuwa na chupa ya asali ya Mambasa, sukari, na ndimu mbili. Lakini kayé yangu inakatika pale pale. Neno la mwisho ni hili: asali na sukari zinawekwa. Halafu kengele ililia, sista akafuta ubao, na juma lililofuata tulianza maharagi.

— Zinawekwa lini? nikauliza.

— Sasa hivi, akasema Diesel. Utamu unahitaji muda wa kuingia. Miye nilikula jambon Kisangani, miye najua.

— Hauingii hivyo, akasema Docta. Ngozi ya nguruwe ni ngumu, iko kama turubai, bâche ya lori. Unapiga sindano. Nina sindano mupya nyumbani. Unavuta Fanta, unapiga moja kwa kila kilo, ya mwisho unapiga kwa paja.

— Docta, ni paja tu iko hapa. Nguruwe alishakufa.

— Njo maana hatasumbua.

Caleb akaanza kulia mugongoni. Nikawa namutikisa huku nasikiliza, huku natazama barabara, kila pikipiki inayotoka upande wa Mahagi nageuka.

— Muache hiyo mambo ya Fanta, akasema Préfet, akasimama, maana yeye akiwa na somo hawezi kulitoa amekaa. Hatari iko kwengine. Asali na nguruwe zinagombana. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu, jina lake Kule, alikula zote mbili siku ya ubatizo. Kesho yake akaanza kutoa jasho tamu. Siafu zikamufuata mpaka darasani. Ikabidi wahamishe.

— Wahamishe siafu?

— Mwalimu. Siafu zilibaki, zilikuwa zimeshazoea darasa.

— Préfet, unamutisha mama wa watu, akasema Mama Félicité.

— Namufundisha.

— Musikilize miye, akasema Diesel. Kuna dereva mumoja wa Komanda alifunga jambon juu ya moteri, na asali yake, na kila kitu, akaondoka. Kufika Niania, anafungua, imeiva upande wa kushoto tu.

— Akafanya nini?

— Akageuza lori akarudi Komanda, ili upande wa kuume uive.

— Na muzigo aliokuwa amebeba?

— Watu wa Niania wanaungoja mpaka leo.

Walicheka, na miye nilicheka pia, lakini machozi yalikuwa karibu kuliko kicheko, na mutu akiogopa anamuamini yule anayesema kwa sauti kubwa. Sauti kubwa ilikuwa ya Diesel. Nikaomba Mama Félicité afungue, nikamwaga chupa yote ya asali, sukari yote, ndimu nikaminya, tukafunika tena. Nikasema moyoni, Bwana, fanya hii kitu ishikamane.

Wakati huo pikipiki ikasimama. Akashuka mama mumoja, vumbi mpaka kwenye nyusi, mukononi kikapu cha samaki wakavu wa ziwa. Akasalimia, akaomba kahawa bila sukari, Docta akasogea akampa nafasi kwenye mwisho wa benchi. Hatukumuangalia sana. Pale kona wasafiri wanashuka kila saa.

— Munapika nini? akauliza.

— Jambon, akasema Préfet. Ya mama mukwe wake huyu. Anafika jioni. Akikuta chakula ni kibaya anabeba mutoto.

— Anabeba mutoto?

— Anamupeleka Mahagi. Kabisa.

Yule mama akanitazama, akamutazama Caleb, akapuliza kahawa yake. Docta akamueleza sindano. Diesel akamueleza moteri. Préfet akarudia siafu, safari hii zilikuwa zimekula na choki. Yeye anasikiliza tu, kichwa upande. Halafu moshi ukaanza kutoka pembeni ya kifuniko, muweusi, na harufu ya sukari inayoungua, ile harufu inayopanda puani na kukaa.

— Iko naungua! nikapiga kelele.

— Haiungui, inashikamana, akasema Diesel, lakini alikuwa ameshasimama mbali.

Mama Félicité akaondoa kifuniko. Juu ya muguu wangu kulikuwa na kitu kama lami ya barabara. Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na mutoto mugongoni. Sikulia. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki.

Ndipo yule mama akauliza, taratibu, kama mutu anayeuliza njia:

— Huyo mama mukwe, kuna mutu alimuuliza kama anakula nguruwe?

Diesel akamutazama Docta. Docta akamutazama Préfet. Préfet akanywa kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha zamani.

— Léon alisema anapenda, nikajibu.

— Léon alitoka nyumbani na miaka kumi na ine. Wakati ule mama yake alikuwa anapenda, kweli. Baba ya Léon mwenyewe alikuwa anafuga. Lakini nyuma ya hapo mama alibatizwa tena, kwa wale wanaosali Jumamosi. Kule nguruwe haiguswi, hata sufuria yake. Ni miaka kumi na moja sasa. Léon anatumaga salamu, hajaulizaga kitu.

— Mama, unamujua?

— Namujua sana. Njo miye.

Diesel akakumbuka kwamba lori yake iko na shida ya pneu, tairi ya mbele. Hakuondoka, alikumbuka tu. Miye nikapiga magoti, nikaanza: Mama Priscille, unisamehe, sikujua, nitachinja kuku, nitapika sombe ya majani ya muhogo, kuna muda bado, mutoto anakula, mama, anakula bouillie, uji wa unga, asubuhi na jioni, chai si kweli, muulize Mama Félicité, muulize mutu yeyote, usimubebe.

— Simama, mwanangu. Mutoto anapigwa jua. Munipe kisu.

Hakuna aliyeelewa.

— Kisu! akasema, na Docta akatoa chake mufukoni.

Mama Priscille akafunga kitenge vizuri, akainama juu ya sufuria. Akakwangua ile lami yote, pole pole, mpaka chini ikatokea ngozi safi, nyeupe kama ugali. Akaikatakata kwa mistari, huku na huku, kama mukeka.

— Utamu ni wa mwisho, akasema. Nyama ikishaiva kabisa, makala ya chini unaondoa, unabakiza ya juu, unapaka kidogo, unangoja kidogo, unapaka tena. Nani alikuambia umwage yote?

Mama Félicité akamunyooshea Diesel kidole.

— Huyu hata chai hajui kupika, akasema Mama Priscille. Iko asali ingine?

Mama Félicité alikuwa nayo, ya mikate. Mama Priscille akapaka kwa jani la ndizi lililokunjwa, mara tatu, bila kutazama saa, anainusa tu. Mara ya tatu muguu wote ulikuwa unang'aa, rangi ya kahawia ya viatu vya Jumapili. Akakata kipande kidogo cha ngozi pembeni. Akakitazama. Akatazama barabara upande wa juu, upande wa chini. Akakitia kinywani.

Alifunga macho. Alitafuna muda mrefu.

— Munyu umekuwa sawa, akasema. Akakata kingine.

Jioni akaja shemeji Davy, ndugu ya Léon anayekaa Shari, na bibi yake na watoto, na wote wakala jambon mpaka mufupa, wakasema Léon amepata mwanamuke. Mama Priscille alikula samaki wake na sombe. Wakimusogezea sahani anaisukuma kwa kidole kimoja, anasema miye sigusi vile, munajua.

Tulipobaki wawili miye naosha vyombo, nilikuwa bado nangoja, kwa sababu hakuwa amesema neno juu ya Caleb. Mutoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya Mama Priscille, mudomo wazi.

— Waliniambia haujui kupika, akasema. Ni kweli, haujui.

— Ndiyo, mama.

— Lakini Mama Félicité ameniambia ulisimama pale jua lote, mutoto mugongoni, unauliza wapumbavu watatu, na haukukaa hata mara moja mpaka ilipoungua. Nikimubeba huyu mutoto, nitaambia watu wa Mahagi kwamba alikosa nini?

Akanipa mutoto. Nikamushika kwa mikono yote miwili.

— Kesho narudi peke yangu. Krismasi mutakuja wote. Utaleta muguu mwengine, utaufunika vizuri, utasema ni wa jirani yangu.

— Ndiyo, mama.

— Na ile niliyotia kinywani kule kwenye benchi?

Nikaapa kwa kichwa cha Caleb kwamba sitamuambia mutu. Diesel, Préfet na Docta waliapishwa kesho yake na Mama Félicité, kahawa ya bure moja moja, na mpaka leo wamefunga mudomo, jambo ambalo halijatokea pale kona tangu benchi ipigiliwe misumari. Aliyesema ni miye tu, na nimekuambia weye tu, kwa kuwa Mahagi haujui mutu. Weye ni wa mwisho. Mutu mwengine simuambii.