Mshale wa Juu

Benchi la nyuma ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Alasiri hiyo Kanda alikaa hapohapo, kikombe cha kahawa mkononi, raha mustarehe. Huyu ndiye mtunza video wa kituo cha televisheni: vipindi vya zamani huvihamisha kutoka kwenye seva na kuviweka kwenye kanda za sumaku, na vikihitajika huvirudisha. Leo alikuwa anamrudisha marehemu baba yake Kinyozi, aliyewahi kuhojiwa kipindi kizima. Sauti ya mzee haikubaki kwingine kokote, na mjukuu wake, anayeolewa Jumamosi, hajawahi kuisikia.

KINYOZI: Kwa hiyo sasa hivi mzee wangu yuko wapi?

KANDA: Njiani, kaka. Anatoka kwenye kanda, anaingia kwenye seva. Nimeacha mashine inazunguka.

WAZIRI: (muuza viatu, bingwa wa kila fani) Mtu mzima na kiti chake, anaenea vipi kwenye utepe mwembamba vile?

KANDA: Vipindi vinafungwa furushi moja, vinabanwa.

WAZIRI: Ahaa! Ndiyo maana watu wa televisheni za zamani wote wembamba.

KINYOZI: Baba alikuwa mnene.

WAZIRI: Basi atatoka na mikunjo. Umpige pasi kabla ya harusi. Na sauti je? Sauti ni upepo, bwana. Ukiufungia miaka yote hiyo unachacha. Mzee atatoka anaongea kama mama mkwe wako!

Kanda alicheka, benchi likayumba. Kinyozi hakucheka.

KINYOZI: Mimi hata asiposema kitu, sawa tu. Alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kuongea, hivi. Nataka mwanangu asikie kile kikohozi tu.

Kanda aliingiwa na huruma, akataka kumtoa rafiki yake wasiwasi.

KANDA: Ondoa shaka. Kazi yenyewe nyepesi, hata amri ya kompyuta sikuiandika upya. Nimechomeka kanda ya mzee, nikabonyeza mshale wa juu, amri ya jana ikajileta yenyewe. Nikabonyeza enta, nikaja zangu kunywa kahawa.

Dada mmoja mgeni, fundi cherehani aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama akingoja muuza kahawa amjazie chupa yake.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo jana, ulikuwa unatoa kwenye kanda au unaweka?

WAZIRI: Dada, mashine inajua yenyewe!

— Inajuaje?

Waziri alimtazama Kanda. Jana Kanda alishinda akiweka taarifa za habari kwenye kanda mpya. Kutoa na kuweka kunatofautiana kwa herufi moja tu kwenye amri, na ile herufi hakuigusa. Ukiweka, kipya kinaandikwa juu ya cha zamani. Alitua kikombe pembeni, kikapinduka, naye akatoka mbio kuelekea kituoni, kandambili moja ikabaki chini ya benchi.

Kinyozi aliiokota, akaipangusa vumbi.

— Umemwona? — akamwambia yule dada, uso umemchangamka. — Anamkimbilia mzee wangu.