Cherehani Ambayo Hakuitaja

Nilikaa nyuma yao kwenye basi la asubuhi. Mama aliyekumbatia bahasha ya kaki alimuuliza jirani yake mwenye tai, "Samahani kaka, eti mke akidai talaka, mali aliyoinunua mwenyewe nayo hugawanywa?"

"Inategemea, dada. Risiti unazo?"

"Ninazo."

"Nani mwingine anajua unapoziweka?"

Swali hilo halikunipendeza, lakini pilipili nisiyoila inaniwashia nini. Mama aliisogeza bahasha kwapani. "Kwani wewe ni wakili?"

"Hata, mimi abiria tu kama wewe." Abiria mwenye faili mapajani, limefunikwa kwa gazeti. "Nakwambia kama ndugu yako, wagombanao ndio wapatanao. Rudi nyumbani mkayamalize. Hiyo cherehani mwachie, utapata nyingine."

Mama alimgeukia. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano, "Kaka, mimi nimetaja mali tu. Cherehani umeijuaje?"

Alijibu kwamba amefika. Kweli basi lilikuwa limesimama, mbele ya mahakama. Akashuka haraka, gazeti likabaki kitini. Mama naye akashuka nyuma yake, macho hayabanduki kwenye lile faili.