Nilisoma Darasa Moja na Mama

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Profesa, Mkuu wa Idara yetu ya Usanifu Majengo. Walimu wetu wapendwa, mlioingia darasani kila wiki, na ninyi ambao tuliwajua zaidi kwa matangazo yenu ya mlangoni. Wazazi, walezi na ndugu mliotusindikiza. Wahitimu wenzangu ambao kesho tutavaa majoho: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa cha leo, maana leo hakuna mtu mdogo ukumbini humu.

Wenzangu wamenituma niseme kwa niaba yao jinsi tulivyoiona shahada hii. Wamenipa masharti mawili: niseme kwa ufupi, na nisimtaje mtu kwa jina. La majina nitalitimiza. La ufupi, tutaona.

Wazazi wetu, mlipotuaga mlidhani mmetuleta chuoni? Mlitumwaga sokoni. Wiki ya kwanza tulijipanga kwenye foleni ya usajili iliyolizunguka jengo la utawala ikarudi ilikoanzia, na mwenzetu mmoja alipofika dirishani akiwa hoi akaambiwa kwamba hiyo ilikuwa foleni ya vitambulisho vya maktaba. Kwenye mihadhara ya mwaka wa kwanza tulichanganywa na wahandisi na wapima ardhi, ukumbi ukajaa hadi kwenye ngazi, na aliyechelewa alimsikiliza mwalimu kupitia dirishani, amesimama juu ya tofali, akinukuu kwenye paja. Jiji zima lilipita nje likipiga honi, nasi ndani tukichora nyumba tulivu zenye bustani. Lifti ya jengo letu ilikuwa na tangazo la matengenezo lililokwisha kufifia tulipoingia, na bado lipo, na kwa maoni yangu sasa lipewe shahada ya heshima.

Siku ya kwanza ya somo la uchoraji mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, bomba la michoro begani. Waliokaa juu ya meza wakashuka, simu zikazimwa, madaftari yakafunguliwa. Akatutazama, akasema, "Hamjambo?" Tukaitikia kwa pamoja, "Hatujambo, shikamoo mwalimu!" Akasema, "Marahaba. Kijana, hebu sogea kidogo nami nipate pa kukaa." Akaketi, akatoa penseli, akaanza kumngoja mwalimu kama sisi. Darasa liliangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akitafuta shimo la kujifukia. Mtu huyo ni mimi, na mwanamke yule ni mama yangu mzazi.

Naomba nieleze, msije mkadhani tulikuja kufanya maigizo. Mama aliianza shahada hii zamani, katika chuo hikihiki, akikaa meza moja na kijana mmoja mwembamba ambaye leo ndiye Mkuu wa Idara, na ambaye, Profesa samahani, leo si mwembamba. Mimba yangu ilimsumbua sana, akaahirisha masomo. Nikazaliwa mtoto wa kuuguaugua, akaahirisha tena. Halafu maisha yakamtafutia kazi nyingine, na bomba lake la michoro likawekwa juu ya kabati, likawa la kuwekea miavuli. Nilipochaguliwa kujiunga na idara hii, mama alilishusha bomba lile, akatoa miavuli, akaandika barua ya kuomba kurudi. Chuo kilimkubalia aanze upya tangu mwaka wa kwanza, kwa sharti moja: asirudie mwaka hata mmoja. Akianguka popote, jina linafutwa, na hakuna rufaa.

Je, mnajua kuishi na sharti kama hilo ni kuishi vipi? Sisi wengine tulikuwa na mitihani ya marudio, tulikuwa na mwakani. Mama hakuwa na mwakani.

Siku moja kabla ya chuo kufunguliwa alinikalisha jikoni. Akasema, "Sikia, mwanangu. Hapa nyumbani mimi ni mama yako. Kule chuoni mimi ni mwenzako. Ukikosea sitakufunika, nami nikikosea usinifunike." Nikasema, "Sawa, mama." Akasema, "Sawa nani?" Nikasema, "Sawa, mwenzangu." Mkataba huo aliuvunja yeye mwenyewe wa kwanza. Mwaka wa pili nimesimama mbele ya darasa zima kueleza mchoro wangu, mwenzangu akanyanyuka, akalowesha kidole gumba kwa mate, akanifuta shavu. Tangu siku ile darasa lilimwita Bi Mkubwa, na vijana wakaanza kumpelekea mambo yao ya mapenzi, hata siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa na mtihani kesho yake. Aliwasikiliza wote, akawaambia wote jibu moja: "Mwache, kasome." Wahitimu wenzangu, nani kati yenu hakupewa dawa hiyo? Naona mnaangalia chini.

Na yupo baba yangu pale, karani wa posta, mwenye shati la bluu. Baba, simama kidogo wakuone. Wageni waalikwa, huyu mzee amekula chakula amesimama muda wote wa shahada hii, kwa sababu meza ya chakula ilikuwa ya michoro. Siku moja alijisahau akaweka sufuria ya moto juu ya ramani ya msingi, wanafunzi wawili wakampigia kelele kwa sauti moja. Akachukua sahani yake akasema, "Basi ngoja nikale kwa jirani, yeye hana msomi." Baba, ahsante. Keti. Leo kuna kiti na kuna meza.

Sasa nije kwenye kazi ya mwisho, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande, na kila kipande kimeongezwa chumvi. Tulipangwa watatu: mama, mimi, na kijana mmoja tuliyemwita Kimya, ambaye tangu aingie chuoni tulikuwa tumemsikia akisema "nipo" wakati wa kuitwa majina, basi. Tulipewa kusanifu kituo cha afya cha mtaa wenye watu wengi. Tukajitosa. Tulikwenda kukaa kwenye mabenchi ya wagonjwa tukipima mwanga, tulipima kiti cha magurudumu kinavyokata kona, tulisanifu milango mipana ya kupitisha machela mbili zikipishana. Kisha tukaijenga modeli yake kwa kadibodi na plaiwudi, humo humo studio, ghorofa ya tatu. Ukutani, dirishani, kwenye paa, kila kitu kilipimwa na kupimwa tena. Ilipokamilika tulikaa sakafuni tukiitazama, na mama akasema, "Hii nzuri jamani." Ilikuwa nzuri kweli.

Asubuhi ya kuitetea kazi mbele ya jopo, kwenye ukumbi wa chini, tuliinyanyua modeli, mmoja kila upande na Kimya katikati, tukaenda nayo hadi mlangoni. Haikupita. Tukaigeuza. Haikupita. Tukailaza ubavu, paa likalia, tukairudisha upesi. Dirisha lilikuwa na nondo. Waheshimiwa, watu watatu waliosanifu milango ya kupishana machela hawakuwa wamepima mlango wa chumba walichokaa muhula mzima. Mganga hajigangi, lakini sisi tulizidi.

Mtahini wa nje alikuwa na goti bovu, lifti mnaijua habari yake, kwa hiyo kumwomba apande kwetu haikuwezekana. Kundi lililotutangulia lilikuwa limekwishaitwa. Nilimtazama mama, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze nikamwona anaogopa, mikono yote miwili juu ya paa la kadibodi, kama mtu aliyeshikilia mtoto asianguke. Halafu akasema, "Leteni msumeno." Nikamwambia, "Mama, huwezi." Akasema, "Maji tumeshayavulia nguo. Leteni." Akaikata mwenyewe, katikati kabisa, msumeno ukapita kwenye wodi ya wazazi. Tukazishusha nusu mbili kwa ngazi, tukaziunga kwa utepe wa gundi, na bado palibaki ufa wa kuingia kidole, tangu paa hadi sakafuni.

Jopo likakaa: mtahini wa nje, walimu wawili, na Mkuu wa Idara, ambaye siku hiyo alimtazama mama kana kwamba hajawahi kumwona maishani mwake, na alifanya vyema. Mtahini akaizunguka modeli. Akaweka kidole kwenye ufa. Akauliza, "Na huu ni nini?"

Hapo ndipo Kimya alipofungua kinywa. Mnajua Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu? Mshindo wenyewe ndio huu. Kijana akasema, kwa sauti nzuri, iliyotulia, "Tumelikata jengo makusudi, mheshimiwa, ili mwone ndani." Mtahini akainama akachungulia. Akasema, "Aha. Wazo zuri sana." Akaanza kuandika. Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali. Nikajisemea, tumepona.

Mama akasema, "Hapana, mheshimiwa. Si kweli."

Kalamu ikasimama. Mama akaendelea, "Kijana anatusitiri. Modeli ilikuwa kubwa kuliko mlango wa studio, tukaikata asubuhi hii. Hatukupima mlango." Nilitaka kumfinya. Nilitaka kumwambia, mama, hii ndiyo nafasi yako ya mwisho, wewe hujui? Alijua kuliko sisi sote. Mtahini akavua miwani, akamuuliza, "Kwa nini unaniambia, nami nilikwisha kuridhika?" Akajibu, "Kwa sababu watakaoingia kwenye kituo hiki ni wagonjwa. Nikianza leo kuuita ufa usanifu, nitauita hivyo hadi lini?"

Msidhani mzee yule alilainika. Alimbana. Alimpitisha mlango kwa mlango, kona kwa kona, machela inaingilia wapi, inageukia wapi, mama mwenye uchungu anapitia wapi bila kukutana na mwenye kifua kikuu. Mama alijibu, jasho likimtiririka. Wakafika chooni. Mtahini akauliza, "Mlango huu unafungukia wapi?" Mama akautazama mchoro, kisha akasema, "Ndani. Hapo pia nimekosea. Mgonjwa akianguka humo, mwili wake utauzuia mlango. Ufungukie nje." Mtahini akasema, "Nimesikia." Akafunika kalamu yake. Tukatoka bila kujua kama tumezikwa au tumezaliwa.

Kusubiri matokeo ndiko kulikotuchosha kuliko masomo. Mama hakulalamika, alifua. Alifua mapazia, alifua mashuka, alifua hata koti la baba alilokuwa anataka kwenda nalo kazini. Hatukuzungumza habari ya jopo. Siku moja tu, akianika, alisema bila kunitazama, "Wakinifuta, wewe usiache kwenda kwenye mahafali yako."

Siku ya matokeo hakutaka kuja. Mtandao wa chuo ulikuwa umeelemewa kama kawaida yake, kwa hiyo watu walijazana kwenye ubao wa matangazo, wengine wanaruka, wengine wanalia, na kilio cha furaha na cha msiba ukiwa nyuma huwezi kuvitofautisha. Nilipenya kwa viwiko. Samahani kwa niliowaumiza. Nikaitafuta namba ya mama, nikaikuta, nikaifuata kwa kidole mpaka mwisho wa mstari ili nisikosee mstari, nikarudia, kisha nikatoka nje ya kundi lile nikapiga simu. Nikasema, "Mama, umepita."

Nilisikia maji yakifungwa bombani. Nikasikia baba akiuliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Halafu nikamsikia mama akilia, kilio cha wazi kabisa, cha mtu anayetua mzigo aliokuwa ameuzoea mpaka akausahau uzito wake. Nami nikalia palepale kwenye ngazi, watu wakanipisha wakidhani nimefeli. Alipopata pumzi akaniuliza, "Na wewe, mwanangu?"

Mimi? Nilikuwa sijaangalia.

Nilirudi nikaangalia, na ndiyo maana nimesimama hapa. Kimya naye alipita, na ninaambiwa siku hizi anaongea, kwa hiyo mkikaa naye meza moja leo mjihadhari. Walimu wetu, tunawashukuru kwa kutubana, mtahini wetu ambaye goti halikumruhusu kuja, salamu zetu zimfikie, wazazi, mmetubeba, wahitimu wenzangu, mmekuwa ndugu. Tulikuwa wengi mno katika chuo hiki, na mara nyingi tulihisi kwamba hakuna anayejua kama tupo. Walau darasani mwetu alikuwepo mmoja aliyetujua kila mtu, na aliyejua nani hajala.

Mama, kesho asubuhi jina lako litasomwa kwa kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima, na hakuna tena duniani awezaye kulifuta.

Ahsanteni sana kwa kunipa masikio yenu.