Mkate wa Jibini Kutoka Morningside

Ndugu zangu, niruhusuni niseme nikiwa nimekaa. Habari hii siiwezi nikiwa nimesimama.

Mnanijua, mimi ni msusi kule Pinetown. Mume wangu aliendesha lori Clairwood. Asubuhi ile aliniambia, “Mama, leo unipikie sombe.” Majani ya muhogo yakiwa motoni, mwenzake wa kazini akanipigia simu: kontena limeanguka juu ya lori, mumeo amekufa. Nikamjibu, “Sasa hii sombe iko jikoni, nani atakula?”

Nawaambia, mpaka leo nashtuka kwamba hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

Tukazika. Sikulia. Chakula kikawa hakipiti kooni. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alinisongea fufu, nikatafuna, nikatema. Nikakonda mpaka siku moja nikaanguka saluni, nywele za mteja zikiwa bado mkononi.

Mteja huyo ni mama wa Morningside, kwao ni El Salvador, huko Amerika ya Kati. Kesho yake akabisha kwetu na mkate wa moto ndani ya kitambaa, wa manjano, ufuta juu. Akasema unaitwa kesadiya.

“Ndani iko nini?” nikauliza.

“Unga wa mchele, sukari, na jibini.”

“Jibini na sukari? Pamoja?”

Nilimwona kama amechanganyikiwa. Akasema kwa Kiingereza cha kubahatisha kama changu, “Kaka yangu alipouawa, mama alinilisha huu. Usingoje njaa. Weka mdomoni tu.”

Nikauma. Chumvi ya jibini ikaja kwanza, halafu utamu. Eish, nikashangaa, koo limefunguka. Mama mkwe akasema polepole, “Amemeza.” Kisha yeye, aliyempoteza mwanawe na hakuna aliyemuuliza hali, akaanza kulia. Nami machozi yakanitoka, ya kwanza tangu simu ile. Tukalia tukishikana, mgeni akitukatia vipande.

Baadaye alikuja kutufundisha kuuoka. Sasa ninasuka tena, na ninakula.

Namshukuru mama yule. Namshukuru mama mkwe wangu, aliyekaa pale nyuma. Nanyi mliochimba kaburi, asanteni.

Ninalowaomba ni hili: mtu akipigwa na msiba, msimwambie “ukihitaji kitu, sema.” Mimi sikuwa na sauti ya kusema. Nendeni na chakula, mkae, mumkatie kipande cha kwanza nyinyi wenyewe.