Wadhamini wa Bwana Lifti

Kwa muuza kahawa, kwenye kona ya duka la viatu, benchi ni moja na makalio ni yale yale. Asubuhi hiyo Bwana Lifti alikaa pembeni kabisa, karatasi magotini, roho juu. Miaka kumi na tisa alibonyeza vitufe vya lifti katika jengo la maofisi. Miezi mitatu iliyopita wakafunga lifti mpya, kila mtu anajibonyezea. Sasa zahanati ilitaka mtu wa mapokezi, na mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa saa sita mchana. Mkewe alikuwa amemwambia mlangoni, "Safari hii, baba, usinirudie na stori."

— Umeandika nini? akauliza Kinyozi.

— "Mwendesha lifti."

— Umejimaliza! Andika "msimamizi wa usafiri wa kwenda juu".

— Na kushuka je? akadakia Dobi.

— Kushuka hakuandikwi kwenye sivii, bwana.

Benchi likacheka. Yeye akaandika.

— Wakurugenzi si ulikuwa unawapandisha? akasema Dobi.

— Kila siku.

— Weka hapo: "Amewapandisha wakurugenzi wanne."

— Watadhani niliwapandisha vyeo.

— Acha wadhani! Na yule mjamzito mliyekwama naye umeme ulipokatika?

— Nilimshika mkono tu, nikampigisha soga mpaka akatulia.

— Andika "mkunga".

— Hilo la kumtuliza nisiliandike?

— La nini? Nani anaajiri soga?

La kumtuliza akaliacha, ingawa moyo ulimuuma. Chini kabisa Kinyozi na Dobi wakajiandika wadhamini, kwa madaha, namba za simu na kila kitu.

Saa tano na nusu dada wa steshenari akavuka barabara kuja kuchukua karatasi akaichape. Aliisoma akiwa amesimama.

— Mbona hamjaweka jina? Nyie wadhamini, mkipigiwa simu, huyu mtasema anaitwa nani?

Kinyozi akamtazama Dobi. Dobi akatazama kikombe chake. Miaka kumi na moja wamekaa naye bega kwa bega, wakimwita Bwana Lifti tu. Muuza kahawa akainama kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

Bwana Lifti akangoja. Alitamani hata mmoja wao akosee, ataje jina lolote, apate kumsahihisha. Hakuna aliyekosea. Akaitwaa karatasi, akaliandika jina lake juu kabisa kwa herufi kubwa, akawasogezea wadhamini wake walisome.