Waliporuka Zamu Yetu

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka ziwani, asalaam aleikum. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Mnanijua, nitajitahidi.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi hapa hapa Malangali. Kisha mikono ikaanza kumchezea. Matofali yanamdondoka, mguu unajirusha wenyewe, maneno yanavutika. Watu wakasema ni pombe ya ulezi tangu asubuhi. Na huyu mtu, ndugu zangu, hata kwenye harusi yetu alikunywa togwa, wajomba zangu wakamcheka. Kazi zikakatika, tukabaki na kishamba cha mahindi nilicholima mimi na watoto. Halafu wazee wakakumbuka kwamba baba yake naye alikufa hivyo hivyo. Basi ikawa si pombe tena, ikawa laana.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yetu ilipofika nilifagia uwanja, nikaazima mikeka, nikamvalisha mume wangu shati jeupe. Tukakaa kusubiri mpaka jua likateremka. Mara tukasikia nyimbo zinaanza kwa jirani. Walikuwa wameturuka.

Mume wangu akaniuliza kwa ule ulimi wake mzito, "Wamesahau?"

Nikamwambia ndiyo, wamesahau. Tukasali wawili. Nawaambia, njaa naijua. Lakini kusikia wenzako wanaimba ng'ambo ya ua, na wewe umetandika mikeka, huo upweke ulinishinda.

Zamu ikazunguka, wakaturuka tena. Waliotuhurumia waliacha unga mlangoni wakaondoka upesi. Nilishukuru, unga nikapika. Ila hakuna aliyeketi.

Ndipo akahamia mama mmoja kutoka Mtowisa. Zamu yetu ilipokaribia aliwauliza mbona nyumba ile inapitwa. Wakamweleza. Akabeba kigoda chake akaja peke yake, akakaa ubavuni mwa mume wangu, akaitazama ile mikono bila haraka.

"Shemeji," akamwambia, "kaka yangu alikuwa hivi hivi. Hii si laana. Ni ugonjwa, uko kwenye damu ya ukoo."

Nililia mpaka nikaona aibu.

Ndiye aliyetusindikiza hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa ubongo, unarithiwa, hauambukizi, na dawa ya kuuponya hakuna. Hakutudanganya, namshukuru. Mama yule ndiye aliyenileta kwenye kikundi hiki chetu cha kusaidiana kuuguza. Mmenilimia shamba, mmemlisha mume wangu uji kijiko kwa kijiko nikiwa sokoni. Mungu awazidishie. Hata jumuiya walirudi. Wa kwanza aliingia ameinamisha macho. Nikamkaribisha mkekani, sikumuuliza kitu.

Mume wangu yupo, ila hatembei tena. Juzi binti yetu wa kwanza aliniuliza, "Mama, na mimi ugonjwa huu utanipata?"

Nikamjibu sijui. Daktari alisema mtoto anaweza kuurithi au asiurithi. Naogopa, sitawaficha. Kuna saa namtazama anaosha vyombo, naichunguza mikono yake.

Kwa hiyo somo langu ni dogo. Mkimpelekea mgonjwa unga, ingieni ndani, mkae. Na kama siku hiyo itafika, mimi nikiwa sipo, mkasikia mwanangu ameanza kudondosha vikombe, nendeni mkakae naye.