Kamba Wachanga Wako Wapi

Alasiri Kizingitini, wazamiaji wakishauza kamba koche wao, hukusanyika kwenye benchi la kona kunywa kahawa, mbele ya mlango ambapo Bi Hadia hukaanga mahamri. Siku hiyo alikuwa na haja nao. Binti yake Raihana, aliye mwaka wa mwisho wa kusomea biolojia chuo kikuu, alikuwa ndani akingoja jibu. Asipopima kamba wanaowatoa baharini hana utafiti, na bila utafiti hahitimu. Hadia alikwisha kuomba. Duru ya kwanza ya kahawa ikapita, jibu hakuna.

Kamaludin, wanayemwita Koleo kwa sababu akishika neno haliachii, alisema kamba hapimwi na mkono usiovua, baraka huondoka. Madi Redio akaongeza kwamba vipimo vitafika Nairobi, na hiyo ndiyo ndia ya serikali kuwafungia bahari.

— Kufunga ni kazi bure, alisema Koleo. Watawafuga kamba kwenye matangi huko huko Nairobi. Wewe Redio utabaki kuzamia mchanga.

— Wakishafugwa watasomeshwa pia, alisema Redio. Watapanda boti wenyewe mpaka Mokowe bara, wakajiuze.

Watu wakacheka. Hadia akaendelea kugeuza mahamri. Maneno ya aina hiyo ameyazoea tangu Raihana achague biolojia, akaacha uuguzi ambao kila jirani alikuwa ameshamchagulia.

Tevin, mwalimu mgeni wa skuli, aliweka kikombe chini.

— Samahani wazee. Hawa kamba wakiwa wachanga hukaa wapi? Naona wakubwa tu. Wa kiasi cha ukucha sijamwona hata mmoja.

Wazamiaji wamezamia miambani maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kumwona wa kiasi hicho.

— Bi Hadia, mwanao yuwajua? aliuliza Koleo.

— Hajui, Bwana Kamaludin. Angejua hangewasumbua.

Koleo alimaliza kahawa yake.

— Basi kesho aje pwani tukirudi. Mimi nitamshika kamba, yeye asome rula. Mkono wake asitie.

Hadia alisema Mungu amlipe kheri, akageukia karai lake. Mahamri yalikuwa yameungua upande mmoja. Aliyatia sahanini hivyo hivyo, akawapelekea. Redio, ambaye hulalamikia kila kitu, alikula mawili kimya.